Bima ya Pikipiki: Sheria ya Magari Iliyovishwa Nduthi

Leo naiweka tarakilishi kando kidogo tuongee juu ya pikipiki.

Juzi jirani yangu alinunua pikipiki ya 125cc ya kwendea kazini. Ajenti wa bima alimuuliza swali moja tu: "Ni ya binafsi au ya kubeba abiria?" Jirani akajibu ni ya binafsi, na kweli ilikuwa hivyo, tena bei yake ni nafuu. Cheti kikaingia kwenye simu, mambo yakaisha. Wiki mbili baadaye binamu yake akaanza kuichukua jioni na kwenda nayo stejini. Nilipomwambia kwamba abiria wa jioni akiumia kampuni ya bima ina sababu nzuri ya kukataa kulipa, hakuniamini. "Si nina thadi pati? Huyo abiria si ndiye mtu wa tatu?"

Swali zuri. Jibu lake lilinirudisha nyuma karibu miaka mia moja.

Sisi waandishi wa programu tunajua jambo hili: ukikuta sharti la ajabu ndani ya programu ya zamani, usikimbilie kucheka. Jiulize aliyeliandika alikuwa anatatua shida gani. Sheria ya bima nayo isomwe hivyo hivyo.

Shida ya kwanza ilikuwa ya magari. Mwaka 1930 Uingereza ilikuwa na magari na pikipiki kama milioni 2.3 tu, lakini zaidi ya watu 7,000 walikufa barabarani mwaka huo. Aliyegongwa aliweza kushtaki na kushinda, kisha akagundua kwamba aliyemgonga hana hata senti. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilikuwa limekwisha kulazimisha bima kuanzia mwaka 1927. Bunge la Uingereza likafuata kwa Sheria ya Barabara ya 1930, na kuanzia 1931 ikawa ni kosa kuendesha chombo bila bima ya kuwalipa wale utakaowaumiza. Hapo ndipo thadi pati ikawa ya lazima huko.

Sasa angalia vizuri sheria hiyo ilimlinda nani. Ilimlinda aliyegongwa. Juu ya gari lako haikusema lolote, wala juu ya mguu wako ukivunjika. Hata waliopanda pamoja nawe iliwaacha nje, isipokuwa kama wamelipa nauli au wamebebwa kwa sababu ya ajira yao. Mtu aliyepewa lifti hakuhesabiwa.

Kenya ilipata sheria yake katikati ya miaka ya 1940, enzi za ukoloni. Ndiyo ile tunayoiita leo Sura ya 405. Ukiisoma utaona imenakiliwa kwa Mwingereza karibu neno kwa neno, pamoja na ile nafasi ya abiria. Waingereza wenyewe waliiziba kwa sheria ya mwaka 1971 iliyolazimisha bima ya abiria wote. Ya kwetu ilibaki na sharti la zamani. Kwa hiyo ukimbeba rafiki bure kwenye pikipiki ya binafsi, sheria haikulazimishi kuwa na bima yake. Ukimbeba kwa nauli inakulazimisha, lakini hati ya binafsi uliyonunua imeandikwa wazi kwamba chombo hakitatumika kwa biashara. Binamu wa jirani yangu amekaa hapo hapo katikati.

Kwa miaka mingi jambo hili halikusumbua watu wengi, kwa kuwa pikipiki zilikuwa chache. Boda boda ilianza miaka ya 1960 huko mpakani Busia, na ilikuwa baiskeli. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc. Nduthi za kutoka India na China zikajaa kila mahali, na kabla hatujakaa sawa zikawa usafiri wa umma.

Hapa ndipo sheria ya magari inapopwaya. Ndani ya gari dereva amezungukwa na chuma, na anayeumia zaidi mara nyingi ni yule wa nje. Pikipiki haina ndani. Ikianguka, wa kwanza kufika chini ni mwendeshaji, wa pili ni abiria wake. Bima ya chini kabisa, inayonunuliwa na wengi, haimjui kabisa huyo wa kwanza, na wa pili inamjua tu ukinunua ile ya kubeba abiria.

Kuna somo lingine kutoka kwa matatu. Kampuni kadhaa zilizokatia magari ya abiria bima zililemewa na madai. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Wenye magari walikuwa na stika halali kioo cha mbele, lakini walipofika mahakamani nyuma ya stika hapakuwa na pesa. Sheria nayo iliwekewa kikomo: kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua milioni 4, ile moja inayobaki ni yako.

Haya, sasa ukienda kukata bima chagua vipi? Mimi hujiuliza maswali haya kwa mpangilio:

1. Nani atapanda, na je, atalipa? Kama kuna nauli hata siku moja kwa wiki, nunua ya kubeba abiria. Na kumbuka sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Ukipakia wawili umejitia mwenyewe kwenye mgogoro na kampuni.

2. Pikipiki ikiibwa usiku wa leo, utaweza kununua nyingine? Kama huwezi, thadi pati peke yake haikufai. Uliza ile ya kati, yenye moto na wizi, au komprehensivu inayolipa hata ukiigonga mwenyewe. Aliyenunua kwa mkopo aangalie hasa, kwa sababu pikipiki huibwa lakini deni haliibwi. Usisahau kuuliza ni kiasi gani cha kwanza utakachotoa mfukoni kabla kampuni haijalipa. Kwa pikipiki ya bei ndogo, kiasi hicho kinaweza kuifanya komprehensivu isikufae.

3. Ukivunjika mguu, nyumbani watakula nini? Hili wengi hulisahau, na kwa mtu wa pikipiki ndilo kubwa kuliko yote. Hata komprehensivu kwanza ni bima ya chombo. Ulizia bima ya ajali ya mwendeshaji, na usome ni kiasi gani cha hospitali kinacholipwa.

4. Kampuni yenyewe ni hai? Halmashauri ya bima, IRA, hutangaza orodha ya kampuni zenye leseni kila mwaka. Kuitazama ni dakika mbili.

Jirani alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akampigia simu ajenti kuuliza bei ya kubadilisha. Tofauti waligawana na binamu. Siku hizi nikimwona binamu akipita jioni na mteja nyuma, kofia zote mbili zimefungwa, nami huwa nalala vizuri zaidi.

Nawe kabla ya kulala, fungua hati yako uone mstari wa matumizi umeandikwaje. Kwaherini kwa leo.