Dalali wa Meseji: Namba Fupi na Biashara Ndogo za Gisozi

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanamfahamu dalali tangu zamani. Ndiye anayesimama kati ya mwenye mali na mnunuzi, na mara nyingi huchukua chake kabla mwenye mali hajapata chake. Insha hii inamhusu dalali wa aina mpya: kampuni inayomuunganisha mfanyabiashara mdogo na mitandao ya simu ili auze huduma kwa meseji za malipo maalumu. Meseji hizi hupitia namba fupi, na mteja hukatwa salio kubwa kuliko la meseji ya kawaida. Hoja yangu ni kwamba, tukiifuata historia yake, swali la kwanza la kumuuliza mtoa huduma si bei, bali ni nani atakayeishika namba na nani atakayezishika fedha.

Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, akimtakia mwenzake Krismasi njema. Mwaka 1998 kampuni ya Radiolinja ya Finland ilianza kuuza milio ya simu kwa njia ya mtandao wake. Hapo ilidhihirika kwamba simu inaweza kuwa duka, na salio likawa fedha ya kununulia. Mwaka huohuo MTN ilianza kazi nchini Rwanda, na mwaka 2001 ikaundwa RURA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na huduma nyingine za umma.

Katika bara letu, wengi waliizoea namba fupi kupitia mashindano. Mwaka 2003 watazamaji wa Big Brother Africa walipiga kura kwa meseji kutoka nchi mbalimbali. Hapa Rwanda, Primus Guma Guma Super Star ilianza mwaka 2011, Tom Close akawa mshindi wa kwanza, na mashabiki walituma meseji kuwapigia kura wasanii wao. Mashindano kama hayo yalikuwa na wadhamini wakubwa walioweza kujadiliana na kampuni za simu moja kwa moja. Mwenye duka hakuwa na nguvu hiyo.

Nafasi hiyo ndiyo iliyojazwa na dalali. Jijini Nairobi, Cellulant ilianzishwa mwaka 2004, na mwanzoni iliuza muziki na milio ya simu. Mwaka 2009 Google, MTN na Grameen Foundation zilizindua nchini Uganda huduma za meseji zilizowapa watu ushauri wa kilimo na afya. Mwaka 2011 Su Kahumbu alianzisha iCow nchini Kenya, ambapo wafugaji walipokea ujumbe kuhusu ng'ombe wao. Mifano hii inaonyesha kwamba maarifa madogo, yakifika kwa wakati, huweza kuuzwa kwa fedha kidogo.

Sasa tuangalie jinsi fedha hiyo kidogo inavyogawanywa. Tuchukue mfano wa meseji inayomgharimu mteja faranga 118. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikitolewa, zinabaki 100. Tuseme kampuni ya simu inachukua nusu, na dalali anachukua 20 katika zile 50 zilizobaki. Mwenye biashara anapata 30. Mgawanyo hutofautiana kwa mkataba, lakini mpangilio ni uleule: aliyetoa maarifa ndiye wa mwisho kulipwa.

Dada yangu anafundisha sheria za barabarani katika chumba kimoja hapa Gisozi, si mbali na Agakiriro, kwenye karakana za maseremala. Wanafunzi wake wanajiandaa kwa mtihani wa leseni ya muda, na alitaka kuwauzia maswali ya mazoezi kila siku kwa meseji. Aliletewa mikataba miwili. Wa kwanza ulikuwa rahisi: angetumia namba fupi ya pamoja, ambapo biashara kadhaa hupokea meseji kwa namba moja na kila moja hutambulika kwa neno lake. Lakini orodha ya wanafunzi ingebaki kwa mtoa huduma, na malipo yangekuja baada ya siku 90. Wa pili ulimpa namba yake mwenyewe, kwa ada ya kila mwezi iliyokaribia kodi ya chumba chake. Mkataba wa kwanza ungemnyima wateja wake siku ambayo angetaka kuondoka; wa pili ungemmaliza kabla hajapata wateja.

Historia ya mitandao yetu inaongeza tahadhari nyingine. Rwandatel ilinyang'anywa leseni ya simu za mkononi mwaka 2011. Tigo, iliyoanza Rwanda mwaka 2009, ilichukuliwa na Airtel mwaka 2018. Katika miaka kumi hivi, ramani ya mitandao ilibadilika mara kadhaa. Kwa hiyo mkataba mzuri unapaswa kueleza namba inafanya kazi katika mitandao ipi, na nini kitatokea mtandao mmoja ukifungwa au ukiuzwa. Vilevile unapaswa kueleza mteja anajiondoa vipi. Katika nchi nyingi watu wamelalamika kukatwa salio kwa huduma wasizoziomba, na mteja aliyekatwa hivyo humlaumu mwenye jina kwenye meseji, hata kama kosa ni la dalali.

Kuna badiliko moja kubwa zaidi. Meseji za malipo maalumu zilipata nguvu wakati ambapo hakukuwa na njia nyingine rahisi ya kukusanya faranga chache kutoka kwa mtu aliye mbali. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN Mobile Money ikafika Rwanda mwaka 2010. Leo mwanafunzi anaweza kulipia maswali ya mwezi mzima kwa simu, kisha akatumiwa meseji za kawaida. Fedha humfikia mwalimu siku hiyohiyo, na orodha ya namba inabaki kwenye daftari lake. Namba fupi bado inafaa pale ambapo mteja ananunua mara moja tu, kwa neno moja, kama katika kura.

Kwa kuhitimisha, mfanyabiashara mdogo wa Gisozi anapoletewa mkataba aulize mambo manne kabla ya bei: namba ni ya nani, orodha ya wateja ni ya nani, fedha zitafika baada ya siku ngapi, na mteja anajiondoaje. Majibu yasipoandikwa kwenye mkataba, ni afadhali asisaini. Dada yangu hakusaini mkataba wowote kati ya ile miwili. Wanafunzi wake sasa wanalipa kwa MoMo.