Karthala: moto juu, kiu chini

Ukitajiwa mlima wa moto, akili hukimbilia kwenye miali na uji mwekundu unaoteremka kuchoma mashamba. Kwa Karthala, mlima wa kisiwa cha Ngazija, ambako Wazanzibari wengi wana ndugu zao, hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni maji.

Karthala una mita 2,361, na mwili wake ndio sehemu kubwa ya kisiwa, kutoka katikati hadi kusini. Umejengwa na lava nyepesi iliyotiririka tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana umetanuka kama ngao iliyolazwa chini. Kileleni pamebonyea bonde la kilomita 3 kwa 4 hivi, na ndani yake kuna kasoko ya Chahale.

Wengi tulifundishwa kwamba moto uliovizaa visiwa vya Komoro ulihama kutoka mashariki kwenda magharibi: Maore mkongwe, Ngazija kitinda mimba. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Mwezi Mei 2019 wanasayansi wa Ufaransa wakakuta, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Maore, mlima mpya chini ya bahari wenye kimo cha mita 800 hivi, uliozuka tangu mwaka 2018. Mkongwe naye kumbe hajalala.

Karthala wenyewe umelipuka zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19. Mwaka 1903 hewa yake yenye sumu iliua watu 17. Aprili 1977 ardhi ilipasuka, si kileleni, bali ubavuni, juu ya kijiji cha Singani, na lava ikapita katikati ya nyumba. Watu waliwahi kutoka, nyumba hazikuwahi. Na mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Desemba 1976 Wakomoro walikuwa wameuawa huko Mahajanga, Madagascar, na maelfu ya walionusurika walikuwa wakirudishwa nyumbani, wengi kwa ndege za Sabena, hata wakabandikwa jina hilo. Serikali changa ya Ali Soilih ilikuwa na wakimbizi wa binadamu na wakimbizi wa mlima kwa wakati mmoja.

Watu wa Singani walirudi wakajenga juu ya lava iliyopoa. Anayewashangaa hajasikia habari za manyahuli, ile ardhi ya ukoo inayopita kwa wanawake, mama hadi binti. Ardhi ya namna hiyo haiachwi kwa sababu imefunikwa na mawe.

Sasa maji. Mvua Ngazija si haba, lakini mwamba wake una matundu kama sifongo: maji yakinyesha huzama moja kwa moja, na kisiwa hakina mto wa kudumu. Visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi. Ndiyo maana vijijini kila nyumba hukinga maji ya paa na kuyaweka kwenye birika, yaliwe, yanywewe na kuogewa mpaka mvua nyingine. Mlima ule ule uliowapa ardhi ndio uliowanyima mito.

Mwaka 2005 ukawanyima na birika. Mlipuko wa Aprili ulitawanya majivu na kulimeza ziwa lililokuwamo ndani ya Chahale. Ule wa Novemba, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25, ulifunika vijiji na mji mkuu, Moroni, kwa vumbi la kijivu. Paa zilizokuwa zikikusanya mvua sasa zilikusanya majivu, na birika zikachafuka. UNICEF ikalazimika kugawa maji. Lava haikumfikia mtu mlangoni, lakini maelfu waliamka hawana cha kunywa.

Kituo cha kuuchunguza mlima kipo tangu mwaka 1988, na kazi yake ya kusikiliza mitetemo ni ya maana. Lakini mitambo hiyo hutazama juu zaidi kuliko chini. Aprili 2012 mlima ulikuwa kimya, mvua ndiyo iliyonguruma: maji na tope viliporomoka mpaka Vouvouni, kusini ya Moroni, vikaingia majumbani. Majivu ya 2005 yalikuwa yameziba matundu ya ardhi huko juu, na maji yaliyozoea kuzama yakawa hayana pa kuzama.

Mlipuko wa mwisho ulioandikwa ni wa Januari 2007. Mvua za kaskazi huja kila mwaka.