Masega

Ukitafuta ekzosi ya mngurumo kwa ajili ya gari lako mjini Kahama, kilomita chache kutoka mgodi wa Buzwagi uliokoma kuzalisha dhahabu mwaka 2021, huenda fundi akakuuliza: “Na masega je, tunayatoa?” Haongelei asali. Ndani ya bomba la moshi kuna kipande cha kauri chenye vitundu vingi vidogo, na waliokikata wakakiona ndani hawakuhitaji baraza lolote la lugha: waliona sega, wakaliita sega. Siku hizi husikii umoja wake. Ni masega tu, hata kikiwa kimoja.

Kuta za vitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladi na rodi, madini yanayopunguza sumu ya moshi. Rodi imewahi kuizidi dhahabu kwa bei mara nyingi, ndiyo maana fundi anayejitolea kukutolea masega “bure” anastahili kutiliwa shaka. Watu wa ukanda wa Geita na Shinyanga, wanaojua kupima punje ya dhahabu kwa jicho, wanaachia madini gereji!

Mngurumo unaoutaka unapatikana kwa kubadili sailensa ya nyuma pekee. Masega yabaki.