Mfahamu Mchungaji Mtikila, aliyeishitaki serikali kudai mgombea binafsi

Ukitaja siasa za upinzani Tanzania miaka ya 1990, jina la Mchungaji Christopher Mtikila halikosekani. Mzaliwa wa Ludewa huyu alikuwa mchungaji wa kanisa la Full Salvation na mwenyekiti wa chama cha DP. Mikutano yake ilijaa watu, na neno "walalahoi" lilivuma sana kupitia kwake. Pia alikuwa na "magabacholi", neno lililowalenga Watanzania wenye asili ya Asia, na hapo wengi walimlaumu, kwa haki kabisa.

DP ilichelewa sana kusajiliwa. Sheria ilitaka chama kiwe cha pande zote mbili za Muungano, yeye akashikilia Tanganyika yake. Usajili ulikuja mwaka 2002. Kabla ya hapo, 1997, aligombea ubunge Ludewa kwa tiketi ya Chadema, akakosa. Mwaka 1999 alifungwa jela kwa maneno ya uchochezi. 2005 aligombea urais kupitia DP, kura hazikufika hata asilimia moja.

Kwa hiyo ubunge hakuupata, Ikulu hakuingia. Mahakamani ndiko alikoacha alama.

Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi kwenye mambo mawili makubwa: raia asiye na chama aruhusiwe kugombea, na mikutano ya hadhara isihitaji kibali. Kile kipengele cha "kutoa taarifa polisi" ambacho vyama vinakitaja mpaka leo kimetokana na kesi hii. Wanaokitumia ni wengi, wanaokumbuka nani alikipigania ni wachache.

Suala la mgombea binafsi halikwenda hivyo. Bunge lilibadilisha Katiba haraka, likasisitiza kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hilo ni jambo la kisiasa, liamuliwe na Bunge.

Mwingine angeishia hapo. Yeye alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Juni 14, 2013 mahakama hiyo ilitamka kuwa Tanzania imevunja haki zake, ikaitaka irekebishe sheria. Mwaka uliofuata aliomba fidia ya fedha, akakosa kwa kutoleta ushahidi wa hasara aliyopata.

Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya Uchaguzi Mkuu, Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Msolwa, Chalinze mkoani Pwani. Kwenye karatasi za kura za uchaguzi ule, kila mgombea alikuwa na chama chake.