Safu ya Mbele ni ya Nani?

Ijumaa moja hapa Gisenyi, kijana wa kambini aliwahi msikitini, akakaa safu ya kwanza. Ilipokimiwa, mzee mmoja akamshika bega: "Wewe rudi nyuma, hapo ni pa wakubwa." Akarudi kimya. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ndo maana naandika hii.

Tuangalie historia. Huko Madina, Mtume (s.a.w.) alikuwa anasawazisha safu mwenyewe kabla ya kuanza swala. Bilali, aliyekuwa mtumwa, alisimama bega kwa bega na watu wa koo kubwa za Makka. Khalifa Umar naye alipita kati ya safu mpaka aone hakuna pengo, ndo apige takbira. Hata alfajiri ile aliyochomwa kisu, mwaka 644, alikuwa ametoka tu kuzipanga.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Safu inaanzia katikati, nyuma ya imamu, inajaa kulia na kushoto. Ya pili haianzi kabla ya kwanza haijajaa. Mkiwa wawili tu, maamuma anasimama kuliani kwa imamu. Ni kweli Mtume alipenda wenye elimu wawe karibu naye. Lakini alikataza pia mtu kumwinua mwenzake ili akae yeye pale. Kwa hiyo mkubwa anayetaka mbele, awahi!

Na Rwanda je? Uislamu ulishika mizizi hapa wakati wa Wajerumani, ukiletwa na wafanyabiashara na askari waliosema Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah wa Kigali ni wa mwaka 1913. Mpaka leo kuna watu wanaita Waislamu "Waswahili". Yaani safu za kwanza za nchi hii zilisimamishwa na wageni, watu wa kutoka mbali kama sisi.

Mwaka 2020 corona ilifunga misikiti. Ilipofunguliwa, tulisimama mbalimbali ili tulinde uhai. Pengo lile lilikuwa na sababu. Hili la kumrudisha mtoto wa mkimbizi nyuma, sababu yake ni nini?

Nyinyi mnaotuhudumia, mnajua kambini kila kitu ni orodha: maji, chakula, karatasi. Msikitini hakuna orodha. Aliyewahi ndiye wa mbele.

Yule kijana nimeongea naye. Ijumaa hii tunaenda pamoja, mapema. Mzee akija, tutamsalimia vizuri na kumsogelea, bega kwa bega.