Wakulima wa North Dakota: Nani Mlinzi wa Mali ya Umma?

Katika historia ya harakati za wanyonge swali moja hujitokeza kila mara: wananchi wakishatwaa madaraka na kuanzisha mali ya umma, ni nani atakayeilinda? Wapo wanaojibu upesi kwamba mlinzi ni uongozi imara. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Makala hii inalipima kwa kutazama mapambano ya wakulima wa North Dakota, jimbo la ngano kaskazini mwa Marekani, kati ya mwaka 1915 na 1922. Mfano huu tumeuchagua kwa makusudi. Ikiwa mali ya umma iliweza kuota mizizi ndani ya ngome ya ubepari, basi yatupasa kujua mizizi hiyo ilishika udongo gani.

Unyonyaji wa mkulima

Mkulima wa North Dakota alikuwa na shamba lake, lakini hakuwa na sauti juu ya jasho lake. Maghala ya nafaka, reli, vinu vya kusaga na mabenki makubwa vilikuwa mikononi mwa mabepari, wengi wao wakiwa Minneapolis, katika jimbo jirani la Minnesota. Ni wao waliopanga daraja la ngano, bei ya ngano, nauli ya kuisafirisha na riba ya mkopo. Profesa Edwin Ladd wa Chuo cha Kilimo, Fargo, aliipima ngano iliyokuwa ikinunuliwa kwa bei ya kutupa kwa madai kwamba ni duni, akaona kuwa ilitoa unga mzuri. Mkulima alilipwa kama muuza chakula cha mifugo, na mwenye kinu akauza unga wa mikate.

Wananchi hawakukaa kimya. Mwaka 1912, na tena mwaka 1914, walipiga kura kutaka jimbo lipewe uwezo wa kujenga ghala lake lenyewe. Hata hivyo, Baraza la Kutunga Sheria lilikataa kutekeleza mwaka 1915. Hapo wakulima walijifunza jambo ambalo hotuba nyingi zisingewafunza: kura peke yake haitoshi ikiwa vyombo vya dola vimeshikwa na tabaka jingine.

Kutwaa madaraka

Mwaka huohuo wa 1915 A. C. Townley, mkulima aliyefilisika kwa kilimo cha kitani, alianzisha Nonpartisan League, yaani umoja usiofungamana na chama chochote. Wahamasishaji walikwenda shamba kwa shamba kwa magari ya Ford. Aliyekuwa hana fedha taslimu aliandika hundi ya kulipwa baada ya mavuno. Umoja ulikuwa na gazeti lake, ili mkulima asitegemee habari za wapinzani wake.

Mbinu yao ilikuwa rahisi. Sheria ya jimbo iliwaruhusu wapiga kura wenyewe kuteua wagombea wa vyama. Kwa hiyo wakulima hawakuunda chama kipya, bali waliingia katika kura za maoni za chama cha Republican, kilichokuwa na nguvu jimboni, wakapitisha watu wao. Mapema mwaka 1916 walikutana katika mitaa yao, wakachagua wajumbe, na wajumbe wakakutana Fargo. Huko alipatikana Lynn Frazier, mkulima kutoka Hoople, naye akachaguliwa Gavana mwaka huo kwa karibu kura nane katika kila kumi. Seneti ya jimbo ilibaki kikwazo hadi uchaguzi wa 1918, ambapo Umoja ulishika mabaraza yote mawili.

Mwaka 1919 programu ya wakulima ikawa sheria. Benki ya North Dakota, mali ya jimbo, ilifunguliwa tarehe 28 Julai ikiwa na mtaji wa dola milioni mbili. Jimbo liliamua kujenga kinu na ghala lake, likaanzisha bima ya mvua ya mawe, na shughuli zote hizo zikawekwa chini ya Tume ya Viwanda yenye watu watatu: Gavana, Mwanasheria Mkuu na Kamishna wa Kilimo.

Shambulio na udhaifu

Mabepari hawakulala. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza viongozi wa Umoja waliitwa wasaliti, na katika jimbo la Minnesota mikutano yao ilipigwa marufuku na baadhi yao wakafungwa. Soko la fedha lilizisusia hati za mkopo za jimbo. Bei ya ngano ilipoporomoka baada ya vita, mabenki madogo ya vijijini ambayo Benki ya jimbo ilikuwa imeweka fedha kwayo yakaanza kuanguka.

Lakini tusimtupie adui lawama zote. Umoja ulikuwa na udhaifu wa ndani. Baada ya ushindi, mamlaka yalijikusanya kwa Townley na wenzake wachache. Mwanachama alitakiwa kulipa ada na kupiga kura, ila nafasi yake ya kuhoji matumizi na maamuzi ilikuwa finyu. Tena ulikuwa umoja wa wenye mashamba, na kibarua wa mavuno hakupata nafasi kubwa ndani yake. Hata ardhi yenyewe walikuwa wameporwa Wadakota na wenyeji wengine wa asili.

Kura ya tarehe 28 Oktoba 1921

Mwaka 1920 jimbo lilikuwa limeingiza katika katiba haki ya wananchi kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake. Mwaka uliofuata wapinzani waliitumia haki hiyo. Tarehe 28 Oktoba 1921 Frazier na wenzake wawili wa Tume ya Viwanda waling'olewa kwa tofauti ndogo ya kura. Frazier akawa gavana wa kwanza katika historia ya Marekani kuondolewa kwa njia hiyo.

Siku ileile wananchi waliulizwa pia kama Benki ivunjwe na programu ya viwanda ibomolewe. Walikataa. Waliwaondoa walinzi, wakaibakiza mali. Gavana mpya, R. A. Nestos, aliyeingia kwa nguvu ya wapinzani, alijikuta analazimika kuiendesha Benki, na kinu cha jimbo kikafunguliwa Grand Forks mwaka 1922 yeye akiwa madarakani. Benki hiyo na kinu hicho ni mali ya jimbo hadi leo.

Funzo

Wako watakaosema kwamba kura ile ilikuwa ushindi wa mabepari. Ni kweli mabepari walishangilia. Lakini shabaha yao haikuwa Frazier. Shabaha yao ilikuwa Benki na kinu, na hivyo hawakuvipata. Kwa nini? Kwa sababu mkulima aliyedai ghala kwa kura tangu 1912, akatoa ada yake kabla ya mavuno, alijua kwamba mali ile ni yake. Hakuipokea kama zawadi kutoka kwa kiongozi, kwa hiyo kiongozi alipoondoka haikuondoka naye.

Kwanza, basi, mali ya umma hulindwa na wananchi walioidai kwa akili zao wenyewe. Iliyoletwa kwa amri tu haina wa kuitetea siku ya dhiki. Pili, chama kinachomhitaji mwanachama wakati wa ada na kura peke yake kinajichimbia shimo. Tatu, haki ya kumwondoa kiongozi si adui wa harakati. Iliwauma waasisi wake, lakini iliwapa wananchi nafasi ya kusema mambo mawili kwa siku moja: huyu hatumtaki tena, na hiki ni chetu.

Kada anayeogopa wananchi wenye uwezo wa kusema hivyo ajiulize analinda nini: mali ya umma, au kiti chake.