Povu la Kopo

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya rafu ya vitu vya kunyolea, ndani ya duka la dawa hapa Minneapolis, muda mrefu kuliko ninavyosimama mbele ya rafu za vitabu. Duka la dawa la Kimarekani si lile la kwetu lenye dirisha la nondo na muuzaji anayekukatia vidonge kwa mkasi. Hapa dawa ziko nyuma kabisa, na kabla hujazifikia unapita chipsi, kadi za pole na taa za Krismasi. Mfukoni nilikuwa na dola chache. Jumatatu asubuhi nilitakiwa kupimwa barakoa ya N95 katika nyumba ya wazee ninakofanya kibarua, na barakoa ile haishiki vizuri juu ya ndevu. Hakuna kunyoa, hakuna zamu.

Shida ni kwamba nikinyoa, shingo yangu huota vipele. Ndevu zetu zimejikunja tangu kwenye shina. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha inabaki kali, inajipinda na kurudi ndani ilikotoka, na mwili unaipokea kama mwiba. Ukinyoa tena kesho yake juu ya vipele vile vile, unatoka damu.

Nilimpigia baba simu nikiwa pale pale kwenye rafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi? Kuna nini?"

Nilipomweleza kwamba nachagua krimu ya kunyolea, alinyamaza kidogo. "Kwani huko sabuni ya mche hakuna?"

Baba hunyoa kila Ijumaa chini ya mpera, kioo kimetundikwa kwenye msumari, na kipande cha sabuni ya mche kwenye kisosi. Sikuwahi kumwona akinunua kitu kingine. Lakini povu la sabuni ile hukauka kabla hujafika shavu la pili, na sababu yake ni ya kikemia. Sabuni ya kufulia hutengenezwa kwa kostiki soda, ndiyo maana ni ngumu na hudumu kwenye beseni. Sabuni ya kunyolea huchanganywa na potashi, ambayo huifanya iwe laini, iyeyuke upesi na kushika maji mengi. Maji ndiyo yanayofanya kazi yenyewe. Unywele uliokaa dakika mbili tatu kwenye maji ya moto huvimba na kulainika, na wembe hupita bila kuuvuta. Kazi ya povu ni kuyazuia maji yasikimbie uso, na kuupa wembe utelezi.

Hapo ndipo historia ya rafu ile ilipoanza kunivutia, maana karibu kila kitu kilichokuwa mbele yangu kilibuniwa na watu waliotaka kukwepa sehemu fulani ya kazi hiyo.

Wa kwanza walikwepa burashi. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, watu Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni, wakiwemo askari, kwa sababu ya burashi za kunyolea. Vita ilikuwa imevuruga biashara ya manyoya, na viwanda vikatumia nywele za farasi kutoka Asia bila kuziua vijidudu ipasavyo. Nyingine zilipakwa rangi zifanane na burashi ghali za melesi. Sisemi kimeta ndicho kilichozaa krimu isiyohitaji burashi, ila naelewa mtu wa wakati ule angeitazamaje burashi yake. Mwaka 1919, huko Indianapolis, Frank Shields, aliyewahi kufundisha kemia MIT, alitoa Barbasol, krimu nzito ya kupaka kwa vidole. Bado inauzwa. Ilikuwa rafu ya chini kabisa, kopo lenye mistari kama nguzo ya kinyozi, na bei yake haikufika ya kikombe cha kahawa ya mjini.

Krimu ya pili ya aina hiyo ilizaliwa humu humu nilimo. Clinton Odell na wanawe walikuwa wakiuza dawa ya kuchua iliyoitwa Burma-Vita, na haikuuzika. Mtu akiumwa ndiye hununua dawa ya kuchua; ndevu huota kila siku kwa kila mwanamume. Wakageukia Burma-Shave, nayo pia ikadorora, hadi mwaka 1925 Allan Odell alipowaza kuweka vibao vidogo kando ya barabara, kila kimoja na kipande cha shairi, ili dereva ayasome kimoja baada ya kingine na kucheka anapofika mwisho. Vilienea karibu nchi nzima, takriban seti 7,000. Krimu ile ilikuja kukumbukwa kwa mashairi yake kuliko kwa chochote ilichofanyia ngozi. Magari yaliongeza mwendo, barabara zikapanuliwa, na mwaka 1963 kampuni ikauzwa kwa Philip Morris, vibao vikang'olewa.

Kisha likaja kopo la kupuliza. Hili asili yake ni mbu: wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walitengeneza kopo la gesi la kuwapulizia askari dawa ya wadudu, malaria ikiwa inawamaliza kwenye visiwa vya Pasifiki. Vita ilipokwisha, kufikia mwaka 1950 tayari kopo lilikuwa linatema povu la kunyolea. Bonyeza, paka, nyoa. Ni rahisi kweli, lakini povu hilo limejaa gesi kuliko maji, na mtu mwenye ndevu zangu anahitaji maji.

Kuna kitu rafu ile haikusema. Nebraska, mwanamume mmoja mweusi alifukuzwa kazi ya kupeleka pizza kwa sababu alifuga ndevu kutokana na vipele hivi hivi. Kesi yake, Bradley v. Pizzaco, ilizunguka mahakamani miaka mingi, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikasema kampuni haikuthibitisha kwamba biashara yake ilihitaji mashavu yaliyonyolewa. Aliyefikisha pizza ikiwa moto alikuwa ameshafanya kazi yake. Mimi siwezi kudai hivyo. Hewa ikipenya pembeni ya barakoa yangu, kikohozi kinaweza kumfikia bibi wa miaka 90, na yeye hana kosa lolote.

Kwa hiyo niliacha kopo. Nilichukua kidonge cha sabuni ya kunyolea kwenye kikasha, kigumu kama cha baba lakini chenye glisarini, pamoja na burashi ya bei ya chini, jumla ikawa pungufu ya dola 15. Krimu ya tyubu ya Kiitaliano, Proraso, niliishika mara mbili na kuirudisha mara mbili.

Jumapili usiku nilioga kwanza kwa maji ya moto, nikazungusha burashi hadi povu likawa zito kama mtindi, nikanyoa kuelekea ndevu zinakoota, mara moja tu, bila kurudia. Jumatatu wakanivisha barakoa, wakanifunika kofia ya plastiki na kupuliza dawa chungu ndani yake. Sikuisikia ladha. Shingoni palitoka vipele viwili, upande wa kushoto, mahali nilipokosa uvumilivu.

Baba aliuliza bei. Nilimtajia nusu yake.